Mionzi Katika Somo la Sayansi: Tufundishe Kuuliza, Tusiishie Kuogopesha

Nikagua­po mazoezi ya kufundisha, mara nyingi huikuta ubaoni sentensi hii: "Mionzi ni hatari kwa viumbe hai." Wanafunzi huinakili, kengele hulia, na somo huwa limekwisha. Sentensi hiyo si uongo. Hata hivyo, ni maoni yangu kwamba mwalimu anayeishia hapo ametoa onyo tu; sayansi yenyewe bado hajaifundisha.

Nami sikosi lawama. Katika miaka yangu ya mwanzo kazini, nikifundisha Darasa la Sita katika shule moja isiyo mbali na hapa Lagangabilili, niliandika sentensi hiyo hiyo. Mtoto mmoja akanyoosha mkono. "Mwalimu, jua nalo lina mionzi. Mimi na mdogo wangu tunachunga pamoja. Mbona yeye ngozi yake inatoka vidonda, na mimi sina kitu?" Mdogo wake alikuwa na ualbino. Nilimwambia aketi, kwa kuwa swali hilo halikuwamo katika andalio langu la somo. Laiti ningalimjibu, angalijua kwamba ngozi yenye upungufu wa rangi iitwayo melanini haina kinga ya kutosha dhidi ya jua. Kwamba kofia pana, shati la mikono mirefu na kivuli hupunguza mionzi inayomfikia ndugu yake. Na kwamba kidonda kisichopona kipelekwe hospitali mapema, kwani huweza kuwa saratani. Aliondoka bila hata moja la hayo.

Yafaa tutambue kuwa swali la mtoto yule ni la aina ile ile anayoshughulika nayo mwanafunzi wa uzamili anayetafiti athari za mionzi kwa viumbe. Naye huuliza: ni mionzi ya aina gani, kwa kiasi gani, kwa muda gani, na juu ya kiumbe gani? Huweka kundi linalopata mionzi na kundi la kulinganishia lisiloipata. Mengine yote huyafanya yawe sawa. Huhesabu, huandika, hurudia, ndipo anene.

Tunao mfano wa nyumbani ambao kila mtoto wa mfugaji ataufahamu, nao ni wa mbung'o, aenezaye nagana kwa ng'ombe. Mwaka 1927, huko Marekani, H. J. Muller alionyesha kuwa eksirei hubadili urithi wa nzi wadogo wa matunda. Katika miaka ya 1940, jirani zetu hapa, Old Shinyanga, mtafiti F. L. Vanderplank alipandanisha mbung'o wa jamii mbili na kuona kuwa uzao wao ni tasa. Akaachia jamii moja katika makao ya nyingine, na mbung'o wenyeji wakapungua sana. Yeye hakutumia mionzi, lakini alionyesha kuwa mdudu aweza kushindwa kwa kuharibiwa uzazi.

Mawazo hayo mawili yalizaa matunda kisiwani Unguja. Kwanza mbung'o walipunguzwa kwa mitego na kwa dawa waliyopakwa ng'ombe. Kisha madume waliofugwa Tanga yalipigwa mionzi kwa kiasi kilichopimwa. Mionzi ikizidi mno, dume hudhoofika na hawezi kutafuta jike. Ikipungua mno, bado huzalisha. Kiasi kikiwa sawasawa, huruka na kupanda, lakini jike hapati mtoto. Tangu 1994 madume tasa zaidi ya milioni 8 waliachiwa kwa ndege. Mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa Septemba 1996, na mwaka uliofuata Unguja ikatangazwa kuwa haina tena mbung'o. Mwalimu aliyeandika "hatari" na kufuta ubao angeelezaje jambo hili?

Wapo watakaosema kuwa hofu huwalinda watoto, na kwamba shule za msingi hazina vifaa. Kweli, mtoto na aijue alama ya mionzi, na asiguse chombo chenye alama hiyo. Lakini aliyefundishwa hofu tupu aweza kesho kukataa mzazi wake apigwe picha ya kifua, hali kifua kikuu kinamla.

Kuhusu vifaa, chukueni makopo manne. Pandeni choroko kumi katika kila kopo, kwa udongo na maji yaliyo sawa. Zikiota, kopo la kwanza likae juani kutwa, la pili nusu ya siku, la tatu saa mbili, la nne lisipate jua kabisa. Baada ya siku 14 watoto wapime urefu, wahesabu majani, watazame rangi na unene wa shina, na kuandika katika jedwali. Huenda wakashangaa kuona mche mrefu kuliko yote ukiwa ndio dhaifu. Waelezeni wazi kuwa mwanga wa jua haufanyi kazi kama eksirei. Wanachojifunza hapa ni njia ya kuuliza: kiasi gani, na ukilinganisha na nini?

Ndugu wanachuo, katika kila andalio la somo acheni dakika tano za maswali ya watoto. Na swali likiwashinda, msimketishe mtoto. Liandikeni ubaoni, semeni "tutalitafuta," kisha mlitafute.