Ofisi za chuo zisingoje siku ya kuaga

Mwanafunzi wa chuo nchini Kenya huzungushwa ofisi zote za chuo chake mara moja tu, nayo ni wakati wa kuondoka. Kabla ya kuvaa joho hupewa fomu ya kliarensi aende nayo mlango kwa mlango: maktaba wathibitishe kwamba hana kitabu chao, hosteli waseme amerudisha ufunguo, kisha maabara, idara ya michezo, ofisi ya fedha na ofisi ya mkuu wa maslahi ya wanafunzi, kila mahali sahihi na muhuri. Pasipo mihuri hiyo hapewi cheti. Chuo kinapotaka kuhakikisha kwamba hakidai kitu, kinajua vizuri sana namna ya kumfikisha mwanafunzi kwenye kila dirisha. Kinapokuwa chenyewe ndicho chenye cha kumpa, yaani ushauri, matibabu, msaada wa karo au mahali pa kupeleka malalamiko, kinamwachia abahatishe. Hoja yangu ni moja: mzunguko huo uhamishiwe muhula wa kwanza, uwe wa lazima vilevile, na kuufanikisha liwe jukumu la chuo.

Haja ya jambo hili huonekana zaidi ukilitazama ukiwa Magongo, Mombasa, kuliko ukiwa langoni mwa chuo. Magongo na majirani zake, Chaani, Mikindani na Miritini, ni mitaa ya watu wa kazi: wa bandarini, wa yadi za makontena, wa uwanja wa ndege, wa malori. Kijana wa huku akipata nafasi Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa kule Tudor, au Kenya Coast National Polytechnic upande wa Kisauni, si lazima akodi chumba karibu na chuo. Wengi hulala kwao na kupanda matatu. Mhadhara wa mwisho ukiisha, anawahi gari kabla foleni haijaziba Changamwe. Yale yanayozungumzwa hosteli usiku, kwamba fomu za basari zimetoka au kwamba fulani alisaidiwa na ofisi fulani, yeye hayamfikii. Anayemwongoza ni mtu wa saiba. Mlangoni pa saiba pamebandikwa karatasi yenye orodha: KUCCPS, HELB, KRA, eCitizen, kuchapisha, kupiga picha. Hapo ndipo barua ya kujiunga ilipochapishwa na maombi ya mkopo yalipojazwa. Mtu huyo anafanya kazi ya heshima, tena kwa bei nafuu, lakini hajui kalenda ya chuo, hana muhuri wa chuo, wala hawezi kumwambia kijana kwamba shida yake ina ofisi yake.

Hasara ya kutojua si nadharia. Mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu iliyoundwa mwaka 1995, huombwa upya kila mwaka. Anayedhani kwamba ombi la mwaka wa kwanza linatosha hushtuka mwaka wa pili karo ikidaiwa na akaunti ikiwa tupu. Mfumo wa ufadhili ulioanza mwaka 2023, unaogawa gharama kati ya ruzuku ya serikali, mkopo na mchango wa familia kwa kutazama uwezo wa nyumba, ulikuja na nafasi ya kukata rufaa kwa aliyepangwa kundi lisilomfaa, lakini rufaa huwafaa wanaojua kwamba ipo. Mwanafunzi akiugua siku ya mtihani, kwa kawaida hutakiwa kuwa na karatasi za daktari ili aruhusiwe kuurudia bila adhabu. Aliyenunua dawa kwenye duka la mtaani akalala nyumbani hana cha kuonyesha. Aliyeishiwa karo anaweza kuandika barua ya kuahirisha masomo, nafasi yake ikahifadhiwa. Asiyejua hilo hutoweka kimya, na akirudi mwaka unaofuata hukuta jina lake limefutwa. Katika visa vyote hivi msaada ulikuwapo, na kilichokosekana ni mtu wa kumfikisha mwenye shida mlangoni kabla ya siku ya mwisho.

Kosa hili halikupangwa na mtu. Vyuo vilikua, ofisi zikaongezeka, ramani ikabaki ileile. Chuo cha Tudor kilianza kama taasisi ya elimu ya Waislamu ya Mombasa, MIOME, iliyopokea wanafunzi mapema miaka ya 1950. Mwaka 1966 kikawa taasisi ya ufundi, mwaka 1972 kikawa politekniki, mwaka 2007 kikawa chuo kikuu kishirikishi, na mwaka 2013 kikapewa hati ya kuwa chuo kikuu kamili. Taasisi inayopitia safari ya namna hiyo hujiongezea majukumu, na kila jukumu huja na ofisi yake: mikopo, jinsia, watu wenye ulemavu, ushauri nasaha, mafunzo ya kazini, uadilifu. Katika shule ya upili mambo hayo yote yalikuwa mikononi mwa mwalimu wa darasa na naibu wa mwalimu mkuu, nao ndio waliomfuata mwanafunzi. Chuoni mwanafunzi ndiye anayetakiwa kuzifuata ofisi, na hakuna siku aliyoambiwa kwamba mambo yamegeuka.

Wapo watakaosema kwamba hawa ni watu wazima wenye vitambulisho na kura, na kwamba kuuliza si ujinga. Ni kweli, ila huwezi kuuliza habari za kitu usichojua kwamba kipo. Isitoshe, ujasiri wa kuuliza haukugawiwa sawa. Mwanasosholojia Anthony Abraham Jack, katika kitabu chake The Privileged Poor cha mwaka 2019, alieleza jinsi wanafunzi wa familia maskini katika chuo kimoja mashuhuri Marekani walivyosikia wahadhiri wakitaja saa zao za kupokea wanafunzi ofisini bila kuelewa kwamba wanaalikwa. Wale waliopitia shule za kitajiri walikuwa wamezoea kugonga milango ya wakubwa; wenzao waliona kumsumbua mwalimu ni utovu wa adabu. Mpwani hahitaji kuelezwa hilo mara mbili. Mtoto tuliyemfunza asimkatize mkubwa kazini, na asiingie pahala bila hodi na karibu, hawezi kugeuka ghafla Septemba akawa mtu wa kusukuma milango. Kumwachia atafute mwenyewe ni kumpendelea yule ambaye kaka yake alitangulia chuoni.

Wengine watasema kazi hii tayari inafanywa: ipo wiki ya kuwapokea wanafunzi wapya, kipo kitabu cha mwongozo, ipo tovuti. Tena Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inazitaka taasisi za umma kutangaza huduma zao. Lakini kutangaza ni jambo moja na kufikisha ni jingine. Wiki hiyo mgeni anahangaika na karo, usajili na mahali pa kulala; maafisa kumi wanapanda jukwaani mmoja baada ya mwingine, na kufikia jioni hakumbuki nani alikuwa nani. Kuna ushahidi mzuri juu ya tofauti ya kuambiwa na kushikwa mkono. Katika majimbo ya Ohio na North Carolina, Marekani, watafiti waliwagawa wazazi wa kipato cha chini waliokwenda kutayarishiwa kodi. Baadhi walijaziwa papo hapo fomu ya kuomba msaada wa chuo; wengine walielezwa tu kiasi cha msaada ambacho wangeweza kupata. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2012, yalionyesha kwamba miongoni mwa wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa sekondari, waliomaliza miaka miwili ya chuo walipanda kutoka asilimia 28 hadi 36 pale wazazi walipojaziwa fomu. Wale waliopewa maelezo matupu hawakufaidika. Kitabu cha mwongozo kinatoa maelezo matupu.

Kuna sababu nyingine ya kulifanya jambo hili kuwa la wote badala ya kuwangoja wenye shida. Binti aliyenyanyaswa, au kijana aliyelemewa na msongo wa mawazo, akilazimika kusimama kwenye korido na kuuliza mahali pa kwenda, ameshaitangaza siri yake. Mombasa ni mji wa watu kujuana; anayekuona ukiingia kwa mshauri nasaha huenda anapanda matatu moja na shangazi yako. Iwapo kila mwanafunzi ameshaingia chumba kile katika muhula wa kwanza, akamjua afisa kwa jina na sura, basi atakayerudi peke yake baadaye hahitaji kumuuliza mtu, na anayemwona mlangoni hana cha kusema.

Pingamizi zito zaidi ni la fedha na watu. Itakuwaje ofisi yenye mshauri mmoja ikifikiwa na maelfu? Swali hili ni la haki, ila linakiri kwamba ofisi zetu zinamudu kazi kwa sababu hazijulikani. Chuo kikuu cha umma cha jiji la New York, CUNY, kilianzisha mwaka 2007 mpango wa kuwafuatilia wanafunzi kwa karibu, kukutana na mshauri mara kwa mara ikiwa sharti, pamoja na nauli na msaada wa karo. Tathmini ilionyesha kwamba baada ya miaka mitatu asilimia 40 ya waliokuwamo walikuwa wamehitimu, ikilinganishwa na asilimia 22 ya wenzao. Mpango ule ulikuwa na mengi ndani yake na huwezi kuusifia ushauri pekee. Hata hivyo, ingawa kila mwanafunzi aligharimu zaidi, gharama ya kila mhitimu ilipungua, kwa kuwa walioacha njiani walikuwa wachache. Kwetu pia, mwanafunzi anayetoweka mwaka wa pili ameshakula ruzuku na mkopo, na nyumbani wameshauza walichokuwa nacho.

Ninachopendekeza hakifiki hata robo ya gharama ya mpango wa CUNY. Fomu ni ile ile ya kliarensi, ila milango yake sita au saba iwe ya ofisi za msaada. Wanafunzi wagawanywe makundi ya kumi au kumi na watano, waongozwe na mwanafunzi wa mwaka wa tatu, mlango mmoja kwa wiki kuanzia wiki ya tatu, wageni wakiwa wametulia. Ziara ziwe saa za mchana, katikati ya vipindi, ili wa Magongo, Likoni na Mtwapa wasikose gari. Kila ofisi imwachie mgeni vitu vitatu: jina la afisa, tarehe moja ya kukumbuka, na jambo moja ambalo mwanafunzi amelifanya mwenyewe pale pale, kama kufungua faili zahanati au kuingia kwenye akaunti yake ya mkopo kwa simu na barua pepe yake, si ya mtu wa saiba. Mihuri ikitimia ndipo aruhusiwe kujisajili muhula wa pili. Ofisi ambayo makundi matatu mfululizo yamekuta imefungwa itajulikana, na hilo pekee litawaamsha wenye funguo.

Hatua hii haitaongeza mkopo wala kujenga hosteli, na atakayekosa karo bado ataikosa. Lakini haihitaji sheria mpya wala bajeti ya Nairobi; seneti ya chuo au baraza la politekniki linaweza kuipitisha kwa kikao kimoja. Vyuo vya ufundi hupokea wanafunzi Januari, Mei na Septemba, kwa hiyo nafasi ya kujaribu ipo mara tatu kwa mwaka. Vianze na idara moja, kisha mwisho wa mwaka vihesabu ni wangapi wameomba mkopo upya, wangapi wameahirisha masomo kwa barua na wangapi wametoweka, vilinganishe na idara nyingine. Hesabu hiyo ikionyesha kwamba sikuwa na hoja, fomu irudishwe mahali pake pa zamani, kwa wanaoaga.