Nani Humfundisha Mwalimu wa Historia?

Jumapili moja, baada ya Misa ya pili, mwalimu wa shule ya msingi alinisubiri mlangoni pa sakristia. Hakuwa na nia ya Misa wala shauri la ndoa. Alikuja na swali la mtoto. Wiki ile alikuwa amefundisha habari za Vita vya Majimaji, na mwanafunzi mmoja akanyoosha mkono akauliza: "Mwalimu, babu zetu walipochoma kanisa la Peramiho, walitenda dhambi au walipigania nchi?" Mwalimu alijibu kama ambavyo wengi wetu tungejibu: "Hilo haliji kwenye mtihani." Darasa likacheka, kipindi kikaisha.

"Lakini, Padre," akaniambia, "tangu siku ile swali halijaniacha. Mimi nina kitabu chenye kurasa chache juu ya vita ile, na mwongozo wa kufundishia. Hakuna aliyepata kunifundisha namna ya kujibu swali kama hilo."

Nakiri kwamba hata mimi sikuwa na jibu la papo kwa papo. Nimesoma falsafa na teolojia seminarini kwa miaka mingi, lakini historia ya ardhi ninayoikanyaga kila siku niliijua kwa juujuu tu. Tangu siku hiyo nimekuwa nikilitafakari jambo hili, na ninaona linatuhusu sote: wazazi, mapadre, wakuu wa shule zetu na kila mwamini anayemkabidhi mwalimu mtoto wake kila asubuhi.

Mzigo mpya mabegani mwa mwalimu

Nchi yetu imo katika mageuzi makubwa ya elimu. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, katika toleo lake la 2023, imeleta mitaala mipya ambayo utekelezaji wake ulianza kwa awamu mwaka 2024. Miongoni mwa masomo yaliyopewa uzito wa pekee ni Historia ya Tanzania na Maadili. Somo hili linakusanya mambo yaliyokuwa yakifundishwa kwa majina mbalimbali, kama vile Maarifa ya Jamii na Uraia na Maadili, na linafundishwa kwa Kiswahili hata katika shule za sekondari.

Nia yake ni njema, nasi kama Kanisa tunaipongeza. Mtoto asiyejua alikotoka ni rahisi kupotoshwa na yeyote. Lakini tuutazame mzigo wenyewe. Mwalimu aliyesoma historia chuoni kwa Kiingereza, kwa vitabu vya Kiingereza, sasa anatakiwa kuifundisha kwa Kiswahili fasaha, akitafuta mwenyewe istilahi zinazofaa. Mwalimu aliyezoea kutaja tarehe na majina sasa anaambiwa ajenge umahiri: mtoto aweze kupima ushahidi, kulinganisha vyanzo na kutoa hoja. Tena jina la somo limeunganisha historia na maadili. Mwalimu hatakiwi tu kueleza yaliyotokea, bali pia kumsaidia mtoto kutambua lipi lilikuwa jema na lipi lilikuwa ovu. Kazi ya namna hiyo huhitaji maandalizi ya kina, na semina ya siku mbili haiwezi kuyatosheleza.

Serikali haikukaa kimya. Taasisi ya Elimu Tanzania imeandaa vitabu vya kiada na kuviweka pia katika maktaba yake ya mtandaoni. Upo mpango wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, tunaouita kwa kifupi MEWAKA, ambao unawakutanisha walimu shuleni mwao wajadili mada ngumu na kufundishana. Wazo hili ni zuri sana. Sisi Wakatoliki hatuwezi kulishangaa, kwa sababu tunazo Jumuiya Ndogondogo za Kikristo zinazofuata njia hiyohiyo: watu wachache wanaofahamiana, wanaokutana mara kwa mara, kila mmoja akileta alichonacho.

Lakini kila aliyewahi kuwa kiongozi wa jumuiya anajua kwamba kukutana peke yake hakutoshi. Jumuiya isiyo na Biblia mkononi wala katekista wa kuiongoza hugeuka kuwa kikao cha michango. Vivyo hivyo, walimu wanne wa historia wanaokutana bila kitabu cha ziada, bila ramani na bila mtu aliyebobea, wataishia kugawana kilekile kidogo walichonacho. Maktaba ya mtandaoni nayo inahitaji simu nzuri, bando na umeme, na katika vijiji vyetu vingi vitu hivyo mwalimu huvipata kwa kuuchomoa mshahara wake. Mwenye darasa la watoto wengi na madaftari ya kusahihisha hadi usiku atapata wapi nafasi ya kutafiti?

Kisa cha Majimaji

Turudi kwenye swali la yule mtoto, maana ndani yake tunaona kwa nini jambo hili si dogo.

Vita vya Majimaji vilianza Julai 1905 katika nchi ya Wamatumbi, ambako watu walichoshwa na kulazimishwa kulima pamba na kuteswa na maakida. Vikaenea kusini mwa nchi yetu. Mwezi Agosti mwaka huohuo, Askofu Cassian Spiss, Mbenediktini, aliuawa pamoja na wenzake wakiwa safarini kuelekea Peramiho. Mwezi uliofuata misioni ya Peramiho yenyewe ikachomwa moto. Tarehe 27 Februari 1906, utawala wa Kijerumani uliwanyonga viongozi wengi wa Wangoni mjini Songea. Baadhi yao walibatizwa gerezani na mmisionari kabla ya kunyongwa. Kisha yakaja majeshi yaliyochoma mashamba na maghala, na njaa ikaua watu wengi kuliko risasi. Makadirio ya waliokufa huanzia watu 75,000 na kufikia hata 300,000.

Sasa fikiria mtoto Mkatoliki wa huku kusini. Katika ukoo mmoja anaweza kuwa na babu aliyenyongwa kama mwasi na babu mwingine aliyekuwa miongoni mwa wakristo wa kwanza wa misioni. Mwalimu asiye na maandalizi ana njia mbili rahisi mbele yake. Anaweza kusema wamisionari wote walikuwa mawakala wa wakoloni, akawaumiza wanafunzi na kuupindisha ukweli. Au anaweza kusema wapiganaji walikuwa wapagani wasiojua walitendalo, akawadhalilisha mababu na kuupindisha ukweli vilevile. Yupo pia anayechagua njia ya tatu, ya kunyamaza, na hiyo ndiyo iliyo ya kawaida zaidi.

Ukweli wenyewe ni mgumu kuliko hapo. Mmisionari mmoja wa Peramiho alikuwa ameteketeza kibanda cha matambiko ya mizimu cha mmoja wa wakuu wa Wangoni, na tendo hilo liliacha jeraha ambalo vita vililifungua. Wapo wamisionari walioomba wafungwa wahurumiwe, na wapo walioona adhabu ile kuwa halali. Wapo wapiganaji waliotetea haki za watu wao, na humohumo wakaua watu wasio na hatia. Mtoto anaweza kuyaelewa haya yote, ikiwa tu mwalimu wake ameandaliwa kuyaeleza bila woga na bila chuki.

Na jambo hili halijapita. Tarehe 1 Novemba 2023, Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea katika Makumbusho ya Majimaji, akakutana na wazao wa Nduna Songea Mbano na kuomba msamaha kwa matendo ya Wajerumani. Rais wa taifa kubwa amesafiri hadi hapa ili kuizungumzia historia ambayo sisi, katika madarasa yetu wenyewe, tunaikwepa kwa sababu "haiji kwenye mtihani".

Kanisa lafundisha nini?

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Tamko juu ya Elimu ya Kikristo la tarehe 28 Oktoba 1965, ulifundisha kwamba wazazi ni walezi wa kwanza wa watoto wao, na kwamba wito wa mwalimu unadai vipaji vya pekee vya akili na moyo, maandalizi makini, na utayari wa kujifunza upya daima. Tuzingatie neno hilo "daima". Cheti cha ualimu ni mwanzo wa safari.

Juu ya historia yenye maumivu, Mtakatifu Yohane Paulo II alituonyesha njia kwa matendo. Mwaka 1992, katika kisiwa cha Gorée nchini Senegal, aliomba msamaha kwa dhambi ya biashara ya utumwa. Katika Jubilei Kuu, tarehe 12 Machi 2000, aliongoza ibada ya kuomba msamaha kwa makosa ya wana wa Kanisa katika nyakati zilizopita. Aliita jambo hili utakaso wa kumbukumbu. Naye Papa Fransisko, katika waraka wake Fratelli Tutti wa mwaka 2020, alionya juu ya wale wanaowafundisha vijana kudharau historia ili iwe rahisi kuwatawala. Kristo mwenyewe ametuambia kwamba ukweli hutuweka huru. Hakusema ni ukweli unaotupendeza tu.

Tena tusisahau kwamba Mtumishi wa Mungu Julius Kambarage Nyerere alifundisha historia katika shule ya Kikatoliki ya Mtakatifu Fransisko, Pugu, kabla ya kuacha kazi hiyo mwaka 1955 ili kuitumikia nchi. Hata alipokuwa Rais, jina alilobaki nalo ni Mwalimu.

Tujikosoe, kisha tutende

Ni rahisi kuinyooshea kidole Serikali. Lakini tuzitazame na shule zetu. Tunapotangaza matokeo, tunatangaza wastani wa ufaulu. Tunapochangisha, tunachangia maabara na mabweni, na ni vema. Lakini ni lini parokia ilichangia ramani ya ukutani, au nauli ya darasa kwenda makumbusho, au ada ya mwalimu wa historia kwenda kwenye mafunzo? Katika baadhi ya shule, somo hili hupewa mwalimu yeyote mwenye vipindi vichache, kana kwamba kila mwenye mdomo anaweza kufundisha historia.

Napendekeza mambo manne yaliyo ndani ya uwezo wetu.

Kwanza, tufungue hazina za parokia. Sheria ya Kanisa, katika kanuni ya 535, inaagiza parokia iwe na vitabu vyake na mahali pa kuvihifadhi, na kanuni ya 491 inamtaka Askofu ahakikishe jimbo lina hifadhi ya nyaraka za kihistoria. Vitabu vya zamani vya ubatizo vina majina ya watu, ya wazazi wao na ya vijiji ambavyo vingine havipo tena. Kumbukumbu za kila siku za misioni zinataja njaa, magonjwa, mvua na ugeni. Picha na makaburi ya makatekista wa kwanza navyo vinasema. Taarifa za watu walio hai zibaki siri, kama inavyopasa. Lakini yale ya miaka mia iliyopita, mwalimu aje ayasome mezani, chini ya uangalizi, anakili yanayomfaa darasani.

Pili, tuwatumie wazee. Mwaka 1968 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliwatuma wanafunzi wake kuhoji wazee waliokumbuka Majimaji, na masimulizi yale hadi leo ni chanzo kinachoheshimiwa na wanahistoria. Wazee wale hawapo tena. Lakini wapo wanaokumbuka uhuru, Azimio la Arusha, vijiji vya Ujamaa na vita vya Kagera. Jumuiya inaweza kumwalika mwalimu na wanafunzi wake jioni moja, mzee akasimulia na watoto wakaandika.

Tatu, idara za elimu za majimbo ziwakusanye walimu wa somo hili, wa shule zetu na wa shule za umma, bila kujali dini zao, angalau mara moja kila muhula. Siku hizo zifuate utaratibu wa MEWAKA, lakini pawepo mtaalamu na vitabu, na mwalimu asiombwe nauli.

Nne, wazazi tuache kuuliza tu, "Umepata ngapi?" Tuulize pia, "Leo mwalimu amewasimulia nini?" Mwalimu akijua kwamba nyumbani wanamsikiliza, naye atajiandaa.

Jibu nililompa

Yule mwalimu sikumwacha aondoke mikono mitupu. Siku chache baadaye tuliketi ofisini na kitabu cha Padre Elzear Ebner, Mbenediktini aliyeandika historia ya Wangoni, tukasoma kwa saa mbili. Mwishoni nilimwambia: "Waeleze watoto yote. Waambie kupigania nchi halikuwa kosa. Waambie kumuua mtu asiye na silaha ni kosa, akiwa mmisionari au mkulima. Waambie kuchoma kanisa na kuchoma kibanda cha matambiko yote yaliacha majeraha. Kisha waulize wao wanaonaje, uwasikilize."

Alirudi baada ya wiki mbili. Akaniambia kipindi kile kilikwenda hadi kengele ya mapumziko ikapita bila mtoto kuinuka. Na yule aliyeuliza swali alikuwa amekwenda kwa bibi yake, akarudi na jina la babu ambalo nyumbani kwao halikuwa limetajwa kwa miaka mingi. Sasa mwalimu anataka kulitafuta katika kitabu chetu cha ubatizo. Tumepanga Alhamisi.

Mwaka 2025 Papa Leo XIV alimtangaza Mtakatifu John Henry Newman kuwa Mwalimu wa Kanisa na msimamizi mwenza wa elimu katoliki. Awaombee walimu wetu, nasi tuwasaidie.