Shujaa Baada ya Nguvu: Maoni Kuhusu "Lifedeath"

Uhakiki wetu wa ushujaa umezoea kuishia kaburini. Fumo Liyongo, siri yake inapofichuka, anachomwa kitovuni na mwanawe kwa sindano ya shaba; hata hivyo maiti yake iliyopiga goti kisimani inaendelea kuwatisha watu. Shujaa huyu anakufa bila kuonja unyonge. Je, angeishije kama angepoteza nguvu na kubaki hai?

Swali hilo limeshughulikiwa katika "Lifedeath", hadithi ya katuni ya Marekani iliyoandikwa na Chris Claremont na kuchorwa na Barry Windsor-Smith (The Uncanny X-Men, toleo la 186, 1984). Mhusika mkuu ni Ororo, aitwaye pia Storm, ambaye mama yake ni Mkenya. Aliyetawala upepo na mvua sasa hawezi kupaa. Sehemu kubwa ya hadithi ni mazungumzo kati yake na Forge, anayemuuguza. Mapenzi yanapoanza kuchipuka, Ororo anagundua kwamba Forge ndiye aliyebuni silaha iliyompokonya uwezo wake, naye anamwacha.

La kuzingatia ni kwamba mwandishi hakuharakisha kumrudishia nguvu. Katika toleo la 201 (1986), Ororo anamshinda Cyclops na kutwaa uongozi wa kundi akiwa bado hana uwezo huo.

Kwa maoni yetu, utu wa mhusika hudhihirika hapo. Mhakiki anayezidharau katuni kuwa ni mchezo wa watoto anajinyima ushahidi ambao tendi zetu hazikumpa.