Usisafirie Nyota ya Mwenzio

Wahenga wa pwani walimwonya baharia asisafirie nyota ya mwenziwe. Walitaka kila nahodha aijue njia yake mwenyewe kabla ya kung'oa nanga, kwa kuwa nyota ya mwenziwe ikizama yeye hubaki gizani. Onyo hilo lilitolewa kwa watu wa majahazi, lakini leo lawastahili zaidi watu wa simu. Mamilioni ya watu wa Afrika ya Mashariki wameyapakia mazungumzo yao katika chombo kimoja kisicho chao. Humo hutangazwa misiba, hupangwa harusi, huhesabiwa michango ya wagonjwa, na hukumbushwa ada za shule. Chombo kikienda, wote huenda. Chombo kikikwama, wote hukwama. Na abiria hawana habari ya nahodha ni nani wala bandari iko wapi.

Jumatatu ya tarehe 4 Oktoba 2021 ilitosha kuwa fundisho. Yapata saa moja kasoro dakika ishirini za jioni, kwa saa za Afrika ya Mashariki, WhatsApp, Facebook na Instagram zilinyamaza kwa wakati mmoja ulimwenguni kote, kwa sababu zote tatu ni mali ya kampuni moja. Kimya kile kilidumu kwa muda wa saa sita hivi. Hapakuwa na vita wala uharamia. Mafundi wa kampuni walikuwa katika kazi ya kawaida ya matengenezo; ikatolewa amri moja yenye kosa, nayo ikakata njia zote zilizoviunganisha vituo vya kampuni hiyo. Programu iliyowekwa kuzuia amri za namna hiyo ilikuwa na kasoro, ikaipitisha. Baada ya hapo kampuni ilitoweka katika intaneti kama nyumba iliyofutwa katika ramani: imesimama palepale, lakini hapana ajuaye njia ya kuifikia. Lililo la ajabu zaidi ni kuwa vyombo ambavyo mafundi wangevitumia kulitengeneza kosa vilitegemea njia zilezile zilizokatika. Ikawapasa kwenda wenyewe mpaka kwenye mitambo, nao wakachelewa kuifikia kwa ukali wa ulinzi wake. Basi hata mwenye nyota alikuwa akiisafiria nyota hiyohiyo, wala hakuwa na ya pili.

Wako wanaosema kuwa saa sita si kitu, na kwamba mvumilivu hula mbivu. Maneno hayo ni mepesi kinywani mwa mtu ambaye hakuwa na haja siku ile. Na afikiriwe mtu aliyefiwa na mzazi magharibi ile, na maziko ni kesho yake adhuhuri. Ndugu mmoja yuko Tanga, wa pili Mombasa, wa tatu Muscat. Wote wamo katika kundi la ukoo, na kila siku husalimiana humo. Lakini namba ya yule wa Muscat haikupata kuandikwa na mtu yeyote mahali pengine, maana kila mmoja alidhani kwamba kuwamo katika kundi kwatosha. Mfiwa ana simu mkononi, ina chaji, ina salio, na mtandao wa simu u mzima, naye hawezi kumwita ndugu yake. Je, ni kampuni peke yake iliyomnyima ndugu yake? La. Kampuni ilikosea amri. Ukoo ulikosa daftari. Wahenga walikwisha sema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na hakuna mali ya ukoo iliyo bora kuliko watu wake.

Tena si kweli kwamba kila kimya ni cha saa sita. Yahoo Messenger ilifungwa tarehe 17 Julai 2018. BBM, iliyokuwa fahari ya wenye simu za BlackBerry, ilifungwa kwa watu wa kawaida tarehe 31 Mei 2019. Skype, iliyozizoeza familia nyingi kuonana uso kwa uso kutoka nchi za mbali, ilifungwa mwezi wa Mei 2025. Mwenye duka ana haki ya kulifunga duka lake siku apendayo. Wa kulaumiwa ni mteja aliyeweka humo urithi wa wanawe bila ya kubaki na ufunguo, kisha akalia mlango ulipofungwa.

Wako wengine wenye shauri la pili: kinyamazapo chombo kimoja, watu wahamie kingine. Telegram ilitangaza kwamba siku ileile ya Oktoba 2021 ilipata watu wapya zaidi ya milioni 70. Kwa mtazamo wa haraka hilo laonekana kuwa ushindi. Kwa hakika ni sawa na mtu aliyehama nyumba ya kupanga kwa kugombana na mwenye nyumba, akaingia katika nyumba nyingine ya kupanga. Tena kuhama bila mapatano huitawanya jamaa: kaka huenda Telegram, dada huenda Signal, na mama hubaki palepale akingoja. Hapo vyombo ni vingi, na mazungumzo hakuna. Kwa hiyo haitoshi kuwa na njia ya pili. Yapasa njia hiyo ijulikane na wote kabla ya siku ya haja.

Na ichaguliwe kwa akili, maana ubovu hauna sura moja. Ikianguka kampuni ya ujumbe, simu ya kawaida huendelea kulia, na ujumbe mfupi wa maneno, uliotumwa kwa mara ya kwanza Uingereza tarehe 3 Desemba 1992, huendelea kufika, kwa kuwa havipiti katika mitambo ya kampuni ile. Tarehe 12 Mei 2024 ubovu ulikuja kwa sura nyingine: nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilipata hitilafu, na intaneti ikadhoofika katika nchi nyingi, Kenya na Tanzania zikiwamo. Siku kama hiyo hakufai kitu kukimbia kutoka WhatsApp kwenda Telegram, maana zote mbili huteka maji katika kisima kimoja. Sura ya tatu ni amri ya serikali. Intaneti ilizimwa Uganda katika uchaguzi wa Januari 2021. Ilizimwa Tanzania siku ya uchaguzi, tarehe 29 Oktoba 2025, na kimya kikaendelea kwa siku kadha. Mtu mwenye programu kumi zinazotegemea intaneti ana njia moja tu, iliyopakwa rangi kumi.

Itasemwa kwamba ujumbe mfupi na simu za nje ni ghali, na maskini hana fedha ya kuchezea. Hoja hiyo ni ya haki, nayo yastahili jibu la haki. Njia ya pili si ya porojo za kila siku. Ni ya siku ya dhiki. Katika kundi la watu 40 hapana haja ya mtu mmoja kulipia ujumbe wa wote. Mmoja awaarifu watatu, na kila mmoja wa watatu hao awaarifu wengine kumi na wawili. Kundi zima limekwisha pata habari, na hakuna aliyefilisika. Ndivyo habari za msiba zilivyokuwa zikitembea mitaani kabla ya simu kuingia majumbani, na hazikuwa zikipotea njiani. Yanayotakiwa ni mambo machache. Namba za watu wote ziandikwe katika daftari la karatasi, na daftari hilo liwe na nakala kwa watu wawili au watatu. Kundi likubaliane kwamba kikipita kimya cha saa moja, kila mtu atazame ujumbe mfupi. Na hesabu ya michango isiachwe ndani ya mazungumzo peke yake, bali iandikwe mahali ambapo mweka hazina anaweza kuifikia hata intaneti ikizimwa.

Walakini haifai kumtwika raia mzigo wote na kuziacha kampuni zikipunga upepo. Tangu mapatano ya Bern ya mwaka 1874, yaliyozaa Umoja wa Posta Duniani, barua hutiwa posta katika nchi moja ikafikishwa mlangoni na posta ya nchi nyingine. Mteja wa kampuni moja ya simu humpigia mteja wa kampuni nyingine, wala hapana anayestaajabu. Mwaka 2014 kampuni za simu za Tanzania zilianza kupokezana hata fedha, mtu wa mtandao mmoja akimpelekea mtu wa mtandao mwingine. Ikiwa shilingi, ambayo ndugu hugombana kwa ajili yake, yaweza kuvuka mpaka wa kampuni, neno la salamu lashindwaje? Halishindwi, lazuiwa. Mwaka 1999 Jeremie Miller, fundi wa Kimarekani, alitangaza Jabber, utaratibu ambao kwa huo watu wa huduma mbalimbali waliweza kuandikiana. Google Talk, iliyoanza mwaka 2005, iliukubali utaratibu huo. Kisha mwaka 2013 Google ikaleta Hangouts mahali pake, na mlango ule ukafungwa. Haukufungwa kwa uhaba wa elimu, kwa kuwa ulikwisha kuwa wazi.

Kampuni hujitetea kwamba kufungua milango kutaziharibu siri za watu. Ugumu huo upo, na fundi mkweli haukani. Lakini Umoja wa Ulaya ulitunga sheria mwaka 2022 ya kuzilazimisha huduma kubwa kuwapokea wengine, na Novemba 2025 WhatsApp ilitangaza kwamba watu wa Ulaya wataweza kuandikiana na watu wa BirdyChat na Haiket, na ujumbe ukabaki umefungwa kwa siri kutoka kwa mwandishi mpaka kwa msomaji. Jambo lililokataliwa kwa hiari limewezekana kwa sheria. Serikali za Afrika ya Mashariki, ambazo zimekwisha onyesha kuwa zina mkono wa kuzima, zaweza kuonyesha kuwa zina mkono wa kuunganisha pia. Umma una haki ya kuzidai jambo hilo, na wabunge wana wajibu wa kuulizwa.

Hata hivyo sheria huja polepole, na msiba haupigi hodi. Nyota ya mwenzio yaweza kung'aa miaka mingi mpaka mtu akaamini kwamba ni yake. Ukoo utakaokutana Jumapili moja, ukaandika namba za watu wake katika daftari la kurasa chache na kupatana njia ya pili, utakuwa umejipatia kwa jioni moja kitu ambacho kampuni tajiri ilikikosa usiku wa tarehe 4 Oktoba 2021.