Tuungame Dhambi Zetu, si za Jirani



Wapendwa wanaparokia, upo ugonjwa unaozidi kuenea katika jumuiya zetu ndogo ndogo, nasi tunaona haifai tena kuufunika. Ni ugonjwa wa kuungama dhambi za wengine. Hatusemi juu ya kiti cha maungamo. Siri ile ni ya Mungu, wala hakuna padre mwenye ruhusa ya kuigusa. Twasema juu ya yale yanenwayo hadharani. Mume analewa, na mwenye kosa ni mke. Kabichi zikioza shambani, jirani ameroga. Kwaya ikifarakana, lawama ni za mwenyekiti, naye mwenyekiti anaye wa kwake wa kumsingizia. Kisha Jumapili sote twapiga kifua. Mkono unapiga kifua chetu, ila jina tulilo nalo moyoni ni la mtu mwingine.

Wapo wanaotujibu, “Lakini Baba Paroko, ni kweli nimekosewa!” Yawezekana kabisa. Hata hivyo, kukosewa hakumfanyi mtu kuwa mtakatifu, na udhuru wa kweli ndio ulio hatari kuliko wa uongo, kwa maana huo waweza kututosha maisha yote.

Itazameni milima yetu. Mwaka 1946 serikali ya Waingereza ilianzisha katika bonde la Mlalo mpango wa kuhifadhi udongo, kisha ikaueneza Usambara. Wakulima walishurutishwa kulima matuta kwenye miteremko. Wakapinga, na mwaka 1957 mpango ukaachwa. Walikuwa na haki ya kulalamika, maana shuruti ile ilikuwa nzito. Lakini mkoloni ameondoka tangu mwaka 1961! Udongo mwekundu unaoshuka mtoni wakati wa masika unatoka katika shamba la nani? Wazee wa Kishambaa walikuwa na misemo miwili, kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, na kubana shi, yaani kuiharibu, nao waliwapima kwayo hata wafalme wa Vuga. (Inasikitisha kwamba vijana wetu wengi hawaijui tena.) Alimaye mteremko bila tuta wala jani la kuzuia maji anaiharibu nchi mwenyewe, hata kama babu yake alionewa.

Mwalimu Nyerere alilielewa jambo hili. Mwaka 1962, uhuru ukiwa mchanga na ikiwa rahisi mno kumlaumu mkoloni kwa kila kitu, aliwaandikia wanachama wa chama chake mwenyewe kijitabu alichokiita Tujisahihishe. Hakukiita Tuwasahihishe. Na mwaka 1977, miaka 10 baada ya Azimio la Arusha, aliyapima matunda yake mbele ya taifa na kukiri kwamba Tanzania haikuwa bado nchi ya kijamaa wala ya kujitegemea. Ni viongozi wangapi hujipima namna hiyo wakiwa bado madarakani? Leo Kanisa linamwita Mtumishi wa Mungu. Naye Baba Mtakatifu Yohane Paulo II, tarehe 12 Machi 2000, aliomba msamaha kwa dhambi za wana wa Kanisa. Walikuwepo waliohofu kwamba Kanisa lingeaibika. Halikuanguka.

Lakini lipo kundi la pili, nalo halitupendezi kuliko la kwanza. Ni wale wasemao, “Mimi ni mdhambi tu, ndivyo nilivyo.” Wasikiao huidhani ni unyenyekevu. Sisi twaiita uvivu uliovaa kanzu. Yuda aliuchunguza moyo wake vizuri sana: aliliona kosa lake, akalikiri mbele ya makuhani, akazirudisha hata zile fedha 30. Katika kutafuta dhambi hakupungukiwa na kitu. Alipungukiwa na tumaini. Hakuamini kwamba Yule aliyemsaliti angeweza bado kumpokea. Petro naye alikana mara tatu, akalia, lakini hakwenda mbali. Siku ile ziwani, Bwana alipotokea pwani, alijitupa majini ili awahi kumfikia.

Na tuyaangalie mazungumzo yao kando ya moto wa makaa. Bwana hakumwuliza habari za yule kijakazi aliyemtisha mlangoni, wala za wanafunzi wenzake waliokimbia. Alimwuliza mara tatu juu ya upendo wake yeye, kisha akamkabidhi kondoo. Mara Petro akageuka, akamwona yule mwanafunzi mwingine, akataka kujua habari zake. Bwana akamjibu kwamba hayo hayamhusu, yeye amfuate.

Maungamo yatakuwapo Jumamosi alasiri kama kawaida, na wale wa vigango vya mbali tutawasikiliza kabla ya Misa. Mapadre nasi hatuwezi kujiondolea dhambi. Twapiga magoti mbele ya mapadre wenzetu. Wenye kuja na orodha ya makosa ya wakwe zao tunawaomba waiache nyumbani.