Saizi ya kifua haichaguliwi mnadani

Wiki hii wenye haya wafumbe jicho moja, maana tunaongelea matiti. Siyo ya kunyonyesha. Ya kununua.

Ukitaka kujua sisi kina dada tunavyochagua saizi, nenda mnadani siku yoyote. Kwetu Mvumi rundo la sidiria za mtumba linamwagwa juu ya turubai, vumbi linatimka, tunainama. Nani anasoma namba? Unaishika, unaipima juu ya blauzi, unamuuliza mwenzio, "Vipi hii?" Mwenzio anasema, "Imekukaa." Unalipa unaondoka. Ukifika nyumbani ikabana, unampa mdogo wako. Ikipwaya, unajaza kitambaa, maisha yanasonga.

Kasheshe ni kwamba siku hizi kuna watu wanachagua titi lenyewe kwa staili hiyohiyo.

Na mtu asiniambie haya ni mambo ya Wazungu. Sehemu nyingi za Afrika Mashariki wasichana walikuwa wanakamata wale wadudu weusi wanaozunguka-zunguka juu ya maji, wanawaweka kwenye chuchu wawang'ate ili matiti yaote haraka. Ulizeni bibi zenu, msiniulize mimi. Halafu zikaja zile dawa za Mchina, za kupaka na za kumeza, za makalio na za matiti, mpaka zikawa wimbo wa mjini. Krimu ya kukuza titi haipo, dada'angu. Ukiona limevimba baada ya kupaka, huko ni kuvimba, wahi hospitali.

Zamani aliyetaka kisu cha urembo ilibidi apande ndege: India, Uturuki, Dubai, au aende Nairobi. Mwaka 2023 Muhimbili, tawi la Mloganzila, wakatangaza kwamba upasuaji wa urembo unafanyika hapahapa nchini. Na tangu mwaka 2024 treni ya SGR inatoka Dodoma asubuhi na mchana uko Dar. Kwa hiyo jambo lililokuwa la masupastaa limeshuka mpaka kwa binti wa saluni. Ndiyo maana naliandika.

Binti mwenyewe ni mdogo wangu wa kwa mama mkubwa. Kwao Mvumi Misheni, kazi yake kusuka Dodoma mjini, umri miaka 24, mwembamba, hajazaa. Amecheza upatu miaka miwili, hela imetimia. Siku moja simu inaita usiku.

"Dada, nichukue ngapi?"

"Ngapi nini?"

"Matiti."

"Kwani hayauzwi mawili mawili?"

Akacheka, akasonya. "Dada bwana! Nauliza saizi. Mimi nataka 500. Rafiki yangu aliyefanyiwa Uturuki ana 500, na amependeza huyo!"

Hapo ndipo nilipoona niingie darasani kidogo, na wewe msomaji wangu ingia na mimi. Hiyo 500 siyo namba ya sidiria. Mifuko ya silikoni inapimwa kwa sisi, na sisi moja ni sawa na mililita moja. Ipo ya chini ya 200, ipo mpaka ya 800. Sasa chukua chupa mbili za maji, zile za nusu lita, zining'inize kifuani moja huku moja huku. Hiyo ndiyo 500 ya mdogo wangu. Karibu kilo nzima, usiku na mchana, jua na mvua.

Na bado namba peke yake haisemi kitu. Maji ya nusu lita ukiyamimina kwenye sufuria pana huyaoni, ukiyamimina kwenye kikombe cha chai yanamwagika mezani. Yule rafiki ni dada mrefu, mabega mapana, ana watoto wawili, ngozi ya kifua imeshanyooshwa na maziwa. 500 kwake imepata nafasi. Mdogo wangu kifua chake ni kikombe cha chai.

Daktari anayejua kazi haanzi kukuuliza unataka ngapi. Anachukua kipimo, anapima upana wa titi lako kwa sentimita, toka upande wa mfupa wa katikati ya kifua mpaka upande wa kwapa. Huo upana ndiyo kiwanja chako. Kama kiwanja ni sentimita 12, mfuko wenye upana wa 14 utajenga kwenye kiwanja cha jirani: kwa nje unaingia kwapani, mkono haushuki vizuri, na kwa ndani matiti yanaweza kuungana katikati kama mkate wa boflo. Halafu anakufinya. Usishtuke, ndiyo kazi yake. Anafinya ngozi ya juu ya titi aone nyama ina unene gani. Ikiwa chini ya sentimita 2, mfuko ukiwekwa juu ya msuli kingo zake zinaweza kuonekana kama sahani chini ya kitambaa, kwa hiyo wengi wanauingiza chini ya msuli. Anapima pia toka chuchu mpaka kwenye mkunjo wa chini, ajue ngozi ina uwezo wa kunyooka kiasi gani.

Akishapata hivyo ndipo zinakuja sisi. Na hapo kuna jambo ambalo wengi hawaambiwi: mifuko miwili ya 300 siyo lazima ifanane. Mmoja mpana umelala kama chapati, mwingine mwembamba umesimama kama andazi. Ujazo uleule, umbo tofauti. Kwa hiyo mtu akikwambia "mimi nina 300", amekupa nusu ya habari.

Na habari za "nataka kombe D" ziacheni kabisa. D ya kiwanda hiki ni C ya kiwanda kile. Nina sidiria tatu za herufi moja na hakuna inayokubaliana na mwenzake.

Basi binti akaenda Dar, akaonwa na daktari. Hospitali siitaji. Akapimwa, akafinywa, akaambiwa kwa kifua chako usizidi 275. Jioni simu, analia. "Dada, daktari ananinyima. Hela ni yangu!" Na papohapo akaniambia amepata mtu mwingine, yeye anapokea picha tu kwa simu, hapimi, ukitaka 500 unapewa 500, na bei ni poa kuliko ya hospitali.

Hapo niliogopa kweli, sikufichi. Maana anayekupa saizi yoyote bila kukugusa na sentimita, kesho ngozi ikikonda, titi likishuka, mgongo ukiuma, yeye simu haipatikani. Mfuko mkubwa kuliko kiwanja unaikondesha nyama yako mwenyewe, na siku ukiutoa ile nyama hairudi. Unabaki na ngozi inayoning'inia, wakati mwanzo ulikuwa na titi dogo zuri tu.

Sikumgombeza. Nilimwambia arudi Mvumi wikiendi ile na soksi za nailoni, zile ndefu. Jaribio lenyewe ni la zamani na hata madaktari wengine wanalitumia: unapima mchele kwa kikombe cha mililita, unautia kwenye soksi, unafunga, unauweka ndani ya sidiria pana isiyo na sponji, unavaa siku nzima. Usivae dakika 5 mbele ya kioo ukasema tayari. Siku nzima, na kazi zako zote. (Mchele ni mwepesi kuliko silikoni, kwa hiyo uzito kamili hapo bado hujaupata. Na mfuko ukikaa chini ya msuli unaonekana mdogo kidogo kuliko ukiwa juu ya nguo.)

Mama mkubwa akatukuta jikoni. "Mchele wa watu mnaupeleka wapi?" Mdogo wangu kimya. Mimi nikasema, "Mama, tunapima tu." Akatuangalia, akaangalia soksi, akaangalia kifua cha mwanae, akatoka nje bila neno. Ukimya wa mama mkubwa mimi nauogopa kuliko fimbo.

Asubuhi binti katoka na 500 zake. Kioo kilimpenda, nisiseme uongo, hata mimi niligeuka mara mbili. Saa nne kaenda bombani, ndoo ya lita 20 kichwani. Mikono ikiwa juu, vile vitu vikawa vinasukumana na mabega. Mchana kainama kwenye moto kusonga ugali wa uwele, kila akiinama kifua kinatangulia mbele. Alasiri kajaribu kulala kifudifudi kama alivyozoea, kashindwa. Jioni palikuwa na harusi jirani, kina mama wanapiga muheme. Unaijua muheme wewe? Ngoma unaibana katikati ya mapaja, unapiga kwa mikono miwili, wenzio wanaruka. Binti ni mpigaji hodari. Wimbo wa pili akaachia ngoma, akaenda nyuma ya nyumba. Aliporudi mchele ulikuwa umepungua. Kuku wa jirani walishukuru.

Usiku mama mkubwa ndipo alipofungua mdomo. Hakutukana. Aliuliza swali moja tu: "Ukizaa utanyonyesha?"

Binti hakuwa na jibu, na ni swali halali. Wengi wenye silikoni wananyonyesha vizuri. Wengine maziwa hayatoshi, hasa kama walichanwa kuzunguka ile duara nyeusi ya chuchu, ambako mirija na mishipa ya fahamu inapita. Kuchana kwenye mkunjo wa chini kunaepuka sehemu hiyo. Wengine chuchu inakufa ganzi, na hilo mtu hulisikii likisimuliwa saluni. Na mfuko mkubwa unahitaji nafasi kubwa, maana yake kukatwa na kunyooshwa zaidi ndani. Kwa hiyo saizi na mtoto ajaye ni habari moja. Anayetarajia kuzaa karibuni ajue pia kwamba mimba na kunyonyesha vitalibadilisha titi upya, mfuko ukiwemo.

Sasa kidogo historia, usinichoke. Mwanamke wa kwanza kuwekewa silikoni ni Timmie Jean Lindsey, mama wa watoto 6, mwaka 1962, Houston, Marekani. Na hakwenda kutafuta matiti! Alikwenda kufutwa michoro ya kifuani. Madaktari wakamwomba awe wa majaribio, yeye akasema sawa, lakini mnirekebishie na masikio. Tangu siku hiyo mpaka leo wamejifunza mengi, mengine kwa maumivu ya watu. Mwaka 2010 ikagundulika kiwanda cha PIP cha Ufaransa kinajaza mifuko silikoni ya viwandani, siyo ya hospitali, kwa sababu ni rahisi. Wanawake wanaokadiriwa laki 3 dunia nzima walikuwa nayo mwilini. Mwenye kiwanda, Jean-Claude Mas, akahukumiwa miaka 4 mwaka 2013. Mwaka 2019 Allergan nao wakaiondoa sokoni duniani kote mifuko yao yenye ngozi ya kukwaruza, baada ya kuhusishwa na aina ya saratani isiyo ya kawaida. Kwa hiyo usiulize saizi tu, uliza na kiwanda, na kama ngozi ya mfuko ni laini au ya kukwaruza.

Mwaka 2021 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ikalazimisha onyo kubwa liandikwe wazi: mifuko hii siyo ya maisha. Inaweza kupasuka kimyakimya. Kovu linaloizunguka linaweza kukaza titi likawa gumu kama embe bichi. Ushauri wao kwa wenye silikoni ni kupima kwa ultrasaundi au MRI baada ya miaka 5 au 6, kisha kila miaka 2 au 3. Haohao hawajaruhusu silikoni ya urembo kwa aliye chini ya miaka 22.

Piga hesabu hiyo ukiwa Mvumi. Hela ya upatu imelipa kisu. Nani analipa kipimo baada ya miaka 6? Nani analipa kisu cha pili? Nani anasuka vichwa vya wateja zile wiki nne mpaka sita ambazo huruhusiwi kunyanyua kitu kizito, na kusuka kwenyewe ni mikono juu kutwa nzima? Mdogo wangu ana vibarua wawili saluni, yeye ndiye anayewalipa. Haya mambo kwenye picha ya simu hayaonekani.

Ukiamua, uamuzi ni wako, mimi simo. Ila ukitoka hospitali dai kadi yenye jina la kiwanda, saizi na namba ya mfuko, uitunze kama cheti cha kuzaliwa. Siku ukienda kupigwa picha ya matiti kuangalia saratani, iseme kabla hujapanda kwenye mashine.

Binti? Amerudi kwa daktari yuleyule, na sasa anaulizia 250, mkato wa chini, ngozi laini. Tarehe hajachukua. Hela iko benki. Mchele uliobaki mama mkubwa aliupika, tukala na mlenda, hakuna aliyeuliza ulipotoka.

Na wewe kaka wa Area C uliyenitumia ujumbe ukiuliza mpenzi wako achukue saizi gani: tafadhali nitumie kwanza upana wa kifua chako.