Tuta la Udongo Lashinda Mbao Mbili



Matrekta ya zamani hayajatutoka. Katika skimu zetu, ambazo zilianza kugawanywa kwa wingi mwaka 1962, yangali yapo matrekta ya Massey Ferguson 35 na 135 yanayolima kila msimu. Mwenye trekta kama hilo hana sababu ya kuona haya, kwa maana chuma chake ni kizuri na vipuri vyake si vigumu kupata. Lakini likiharibika, au likiuzwa, au likitakiwa katika shamba la mbali, ni lazima lipakiwe juu ya trela. Jambo hilo la kupakia ndilo nitakalo tulifikirie.

Desturi yetu yajulikana. Trela husimamishwa barabarani, mbao mbili huegemezwa nyuma yake, watu kumi hukusanyika kusukuma, na kila mmoja humpigia dereva kelele zake. Mimi naona desturi hii yafaa iachwe, na kila chama cha ushirika kijenge tuta moja la udongo la kupakilia.

Kwanza tuangalie hatari ilivyo. Trekta aina ya 35 lina uzito wa kilo 1,400 hivi, na sehemu kubwa ya uzito huo iko nyuma. Likipanda mbao kwa mbele, uzito huzidi kurudi nyuma. Magurudumu ya nyuma yakikwama huku injini ikiendelea kusukuma, nguvu hiyo haipotei bure: huinua pua ya trekta. Kupinduka kwake huchukua chini ya sekunde 2, na dereva hana nafasi ya kuruka. Uswidi iliweka sheria mwaka 1959 kwamba matrekta mapya yawe na fremu ya chuma ya kumkinga dereva. Matrekta mengi ya zamani hayana fremu hiyo. Juu ya kichwa cha dereva hapana kitu ila kofia yake.

Sasa tufanye hesabu ndogo. Kitanda cha trela kikiwa futi 3 kutoka chini, na mbao zikiwa na urefu wa futi 8, huo si mteremko tena, ni ukuta wa kukwea. Tuta lenyewe lipande futi 1 kwa kila futi 6 za urefu, yaani futi 18 kufika juu. Kisha juu pawe tambarare kwa futi 12, ili trekta lisimame sawasawa kabla ya kuingia katika trela. Upande unaokaribiana na trela ujengwe kwa mawe au magogo, udongo ushindiliwe tabaka kwa tabaka, na maji yapewe njia ya kupita. Mahali penye kingo ya barabara au kilima kidogo, kazi huwa nusu tu.

Tuta peke yake halitoshi kama hapana adabu ya kazi. Trela ifungwe kwa gari linaloivuta, na magurudumu yawekewe kabari. Trela ya magurudumu mawili itegemezwe chini ya mkia wake kwa magogo, kwa sababu trekta likikanyaga mkia, pua ya trela huinuka na kuinua nyuma ya gari. Pedali mbili za breki ziunganishwe kwa komeo lake. Ukikanyaga moja tu, trekta huenda upande. Dereva atumie gia ya chini kabisa, wala asibadilishe gia wala kukanyaga klachi akiwa njiani. Mtu mmoja tu aongoze kwa mkono, akisimama kando mahali anapoonekana. Wengine wote, na hasa watoto, wakae mbali. Hapana mtu wa kusukuma kwa nyuma.

Trekta likiisha kupanda, uzito wake ukae mbele kidogo ya ekseli ya trela. Uzito ukibaki mkiani, trela huyumba barabarani. Lifungwe kwa minyororo minne, mmoja kila pembe, na isimamishwe njiani kutazamwa baada ya maili chache. Gia na breki ya mkono si badala ya mnyororo.

Ikiwa siku moja hapana budi kutumia mbao, basi trekta lisilo na plau lipande kinyumenyume, ili sehemu nzito iwe upande wa juu.

Wengine watasema, "Tumepakia kwa mbao miaka yote na hakuna aliyekufa." Nami nawajibu: mbao haitoi onyo la mwezi mmoja kabla ya kuvunjika. Wengine watasema kazi ya kuchimba ni kubwa. Ni kweli ni kazi, lakini majembe tunayo, karai tunazo, na udongo haununuliwi. Trekta moja mara nyingi hulimia nyumba nyingi, na dereva wake ni baba wa watoto. Siku chache za jasho si bei kubwa kwa vitu viwili hivyo.

Basi jambo hili liletwe katika mkutano ujao wa chama chenu. Chagueni mahali, gawaneni siku, mwanze kabla ya mvua.